Kanisa la Jasi la Cervera de la Cañada

Kaskazini-magharibi mwa mji wa Calatayud, katika mkoa wa Zaragoza nchini Hispania, mto mdogo uitwao Ribota hupita katika bonde kavu lenye mizabibu na miti ya matunda. Kando ya barabara iendayo Soria kiko kijiji cha Cervera de la Cañada, ambacho wakazi wake hawazidi mamia machache. Nyumba zimeshikamana mteremkoni, na juu yake, mahali palipokuwa na ngome zamani, limesimama kanisa la parokia la Mtakatifu Tekla. Atazamaye kutoka bondeni hudhani anaona boma la askari: kuta nene, madirisha machache, na sura isiyo na urembo mwingi.

Ndani mambo hugeuka. Kuta na dari zimepakwa rangi, madirisha yamezibwa kwa nakshi za jasi zilizotobolewa kama kimia, na mwishoni mwa ukumbi, juu ya mlango, ipo roshani ya waimbaji iliyobebwa na dari la mbao zilizochongwa na kuchorwa. Kwenye roshani hiyo pana maandishi yatajayo mwaka 1426 na jina la fundi mkuu, Mahoma Rami. Mahoma ndivyo Wahispania wa zama hizo walivyolitamka jina Muhammad. Kanisa la parokia ya Kikatoliki limejengwa na Mwislamu, na jina lake likaachwa wazi mbele ya macho ya waumini kwa karibu miaka 600.

Msomaji asidhani kwamba hili lilikuwa jambo la ajabu kwa watu wa wakati ule. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa katika nchi ya Aragon, na ukawaida wake ndio unaostahili kuelezwa.

WALIOBAKI

Waislamu waliingia Hispania mwaka 711, na kwa karne 4 mji wa Zaragoza ulikuwa chini ya utawala wao. Mfalme Alfonso wa Kwanza wa Aragon aliuteka mwaka 1118, na Calatayud ukafuata mwaka 1120. Wakuu na matajiri wengi wa Kiislamu walihama kwenda kusini. Wakulima, wafinyanzi, maseremala na waashi wengi walibaki. Watawala wapya waliwahitaji, kwa maana mashamba yaliyonyweshwa kwa mifereji hayalimwi kwa upanga. Waliruhusiwa kushika dini yao na sheria zao, wakalipa kodi, wakakaa katika mitaa yao.

Watu hao huitwa Wamudehari. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni mtu aliyeachwa abaki, tena limebeba harufu ya dharau, kwa kuwa hutumika pia kwa mnyama aliyefugwa. Mwaka 1859 mwanahistoria José Amador de los Ríos, katika hotuba yake mbele ya chuo cha sanaa cha San Fernando mjini Madrid, alilitumia kutaja mtindo wa ujenzi, na tangu hapo limebaki katika vitabu vya historia ya sanaa.

Fundi mkuu wa ujenzi katika Kihispania cha kale aliitwa “alarife”. Asemaye Kiswahili ana sababu ya kulisikia neno hilo kwa makini: shina lake la Kiarabu ndilo lililotupatia “maarifa” na “kuarifu”. Alarife ni mjuzi. Ujuzi wake haukuwa wa mikono peke yake. Ulikuwa pia wa jiometria, wa kupima mizigo, na wa kutambua vifaa.

Mahoma Rami alikuwa mmoja wa wajuzi hao, na si wa daraja la chini. Tajiri aliyemwita mara nyingi alikuwa Pedro de Luna, mzaliwa wa Illueca katika milima ya Aragon, aliyechaguliwa kuwa Papa huko Avignon mwaka 1394 kwa jina la Benedikto wa 13. Wakati huo Kanisa la Magharibi lilikuwa limegawanyika, na Benedikto aliondolewa na Mtaguso wa Constance mwaka 1417. Yeye hakukubali hata alipofariki huko Peñíscola mwaka 1423. Alipokuwa na nguvu, alijenga sana katika nchi ya kwao. Kati ya mwaka 1403 na 1409 Rami alimjengea mnara wa mwanga juu ya kanisa kuu la Zaragoza. Baadaye alifanya kazi katika kanisa la Wadominiko la San Pedro Mártir mjini Calatayud.

Kazi hizo mbili kubwa zimepotea. Mnara wa Zaragoza ulionyesha dalili za kuanguka, ukajengwa upya mnamo mwaka 1520. San Pedro Mártir lilibomolewa mwaka 1856. Ndiyo maana anayetaka kumjua Rami leo hulazimika kuiacha miji mikubwa na kupanda kilima cha Cervera.

NGOME YA SALA

Umbo la kanisa hili haliwezi kufahamika bila vita. Kuanzia mwaka 1356 hadi 1369 Castilla na Aragon zilipigana vita viitwavyo Vita vya Mapedro Wawili, kwa sababu kila upande uliongozwa na mfalme aitwaye Pedro. Bonde la Calatayud lilikuwa mpakani. Mji wenyewe ulitekwa na Wakastilla mwaka 1362 baada ya kuzingirwa. Wanakijiji walijifunza kwamba jengo kubwa kuliko yote kijijini lazima liweze kuwaficha.

Ndipo likaenea umbo la kanisa la ngome. Kanisa la Bikira Maria huko Tobed, lililo chini ya makanoni wa Kaburi Takatifu wa Calatayud, lilianzwa mwaka 1356. La Mtakatifu Feliksi huko Torralba de Ribota, jirani kabisa na Cervera, lilianzwa mwaka 1367. La Cervera ndilo dogo kati ya haya matatu, na la mwisho.

Mpango wake ni huu. Ukumbi ni mmoja tu, usio na nguzo katikati, nao umegawanywa katika vyumba viwili vya dari vinavyofuatana kabla ya kufika kwenye altare. Kila chumba kimefunikwa na dari la mawimbi lenye mbavu mbili zinazokatana juu kama herufi X. Kandokando mna vikanisa vidogo, na kati ya kikanisa na kikanisa pamesimama tegemeo nene mithili ya mnara. Majengo ya jamii hii yana pia njia ipitayo juu ya vikanisa, yenye matundu yanayotazama nje. Mlinzi aliweza kuzunguka jengo huku wengine wakisali chini yake.

Hapa mwalimu wa fizikia ana somo lililo tayari. Kila tao hutaka kufunguka. Uzito ulio juu yake hauendi chini moja kwa moja. Sehemu yake husukuma kando, na msukumo huo usipopata cha kuuzuia, kuta huanguka nje. Kwa tao lenye umbo la parabola na mzigo uliotandazwa sawasawa, msukumo wa kando ni wL²/8h, ambapo w ni mzigo kwa kila mita, L ni upana wa tao, na h ni kimo chake. Mwanafunzi aone maana ya h kuwa chini ya mstari: kimo kikipunguzwa nusu, msukumo huwa maradufu. Tao lililochongoka juu ni refu kuliko la duara la upana uleule, kwa hiyo husukuma kwa nguvu kidogo zaidi. Mafundi wa Aragon hawakuandika mlinganyo huu, lakini majengo yao yanauonyesha.

Mbavu hufanya kazi nyingine. Huukusanya uzito wa dari na kuushusha katika pembe nne badala ya kuutandaza ukutani kote. Basi panapohitajika nguvu ni penye pembe tu. Kati ya pembe na pembe ukuta waweza kuwa mwembamba, au kutobolewa ukawa kikanisa. Matendo ya minara ya Cervera ni mawili kwa wakati mmoja: inamtisha adui, na inalizuia dari lisifunguke. Ni vigumu kuamua ni lipi lililofikiriwa kwanza, na pengine swali lenyewe halina maana kwa fundi aliyeyatatua yote mawili kwa ukuta uleule.

Mbavu zilizokatana ni elimu ya Kigothi, iliyotoka kaskazini. Nakshi, dari za mbao na ustadi wa jasi ni urithi wa Kiislamu wa Hispania. Katika roshani ya Cervera elimu hizi zimesukwa pamoja: michirizi ya madirisha ya Kigothi hukutana na mafundo ya mistari na nyota, na jicho haliwezi kusema mkono mmoja umeishia wapi. Kuliita jengo hili la Kiarabu ni kosa. Kuliita kanisa la Kigothi lililotiwa mapambo ni kosa dogo kidogo, lakini ni kosa vilevile, kwani lililoitwa pambo ndilo lililopangiwa ukuta. Mwanahistoria Gonzalo Borrás Gualis, aliyetumia miaka mingi kuyachunguza majengo ya Aragon, alisisitiza kwamba sanaa hii itazamwe kama kitu chenye nafsi yake.

Nyota yenye pembe 8, inayopatikana mara kwa mara katika nakshi za jamii hii, huchorwa kwa rula na bikari bila kipimo chochote kilichoandikwa. Mraba mmoja huwekwa juu ya mwingine ulio sawa nao, kisha wa juu huzungushwa nyuzi 45. Mistari ikirefushwa hukutana na ya nyota jirani, na ukuta mzima hujaa. Fundi aliihitaji kamba, si hesabu ya desimali.

JIWE LIPIKWALO

Bonde la mto Ebro na matawi yake ni maskini wa mawe mazuri ya kujengea, lakini ni tajiri wa udongo wa mfinyanzi na wa jasi. Kutoka katika udongo yalipatikana matofali. Kutoka katika jasi ilipatikana karibu kila kitu kingine.

Jasi ni kitu ambacho kila mwanafunzi amekishika, kwani chaki nyingi za darasani zimetengenezwa kwayo. Tanzania huchimbwa Makanya wilayani Same na Itigi, na viwanda vya saruji huichanganya kidogo katika saruji ili isigande upesi mno. Kikemia ni salfeti ya kalisi iliyofunga maji ndani ya fuwele zake, CaSO4·2H2O. Ikipashwa moto wa nyuzi 150 hivi za Selsiasi, hupoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa CaSO4·½H2O, unga ambao maduka huuza kwa jina la plasta ya Paris. Unga ukichanganywa na maji huyanywa, fuwele mpya huota kama sindano zilizoingiliana, na uji hugeuka jiwe kwa dakika chache.

Faida yake ya kwanza ni kuni. Chokaa hutaka moto wa nyuzi 900 hivi, na matofali hukaribia kiasi hichohicho. Katika nchi kavu yenye miti haba, kifaa kipikwacho kwa moto mdogo kina thamani kubwa. Pwani ya Afrika Mashariki hali ilikuwa kinyume: waashi wa Kilwa, katika karne ileile ya 14, walikuwa na matumbawe na mikoko kwa wingi, nao wakachoma chokaa juu ya malundo ya magogo. Boriti za mikoko ziliwapa vyumba vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, na walipotaka kuvuka mpaka huo katika Msikiti Mkuu walijenga matao na makuba. Kila fundi huanza na kile ambacho nchi yake imempa.

Faida ya pili ni kwamba jasi haijikunji. Udongo na chokaa hupungua vikikauka, na nyufa hutokea. Jasi hutanuka kidogo sana inapoganda, chini ya sehemu 1 katika 100, kwa hiyo hujaza kila pembe ya kalibu na kutoa ukingo mkali. Nyuzi nyembamba za nakshi katika madirisha ya Cervera zisingewezekana kwa chokaa. Na ya tatu ni wakati: fundi huchonga ikiwa bado laini, na kwa kuwa huganda upesi, kazi ya siku huonekana jioni.

Mambo haya yaweza kuonyeshwa darasani. Zipimwe gramu 100 za plasta ya Paris, zinyunyizwe katika gramu 65 za maji ndani ya kikombe cha plastiki, kisha themomita ichovywe na isomwe kila dakika. Joto litapanda, maana kuganda kwa jasi hutoa joto. Kwa sababu hiyo mwanafunzi asitumbukize mkono katika plasta nyingi, kwani wako waliowahi kuungua. Tonge likikaushwa juani kwa siku kadhaa na kupimwa tena, uzito wake utakaribia gramu 118 au 119 na si 165. Zile gramu 18 na ushei zilizobaki ni maji yaliyofungwa katika fuwele. Yaliyosalia yalikuwa ya kurahisisha kukoroga tu, nayo yamekwenda hewani na kuacha matundu madogo. Mwanafunzi ayahakikishe mahesabu kwa kutumia uzito wa molekuli, 145 na 172.

Jasi ya mafundi wa Aragon haikuwa safi kama ya dukani. Tanuri la kienyeji halikuwa na joto moja: mawe yaliyo karibu na moto yaliiva kupita kiasi na kupoteza maji yote, ya mbali yaliiva nusu, na majivu yalichanganyika humo. Kiwandani kitu hicho kingekataliwa. Jengoni kilikuwa baraka, kwa sababu chembe zilizoiva sana hunywa maji polepole na kuendelea kugumu baada ya nyingine kukaza, na jasi hiyo ilitosha kujengea kuta, kutandika sakafu, na hata kusimama nje.

Ndani ya Cervera jasi ilitumika pia kama karatasi. Kuta zilisilibwa, zikachorwa mistari ya matofali kwa ncha ya chuma, kisha zikapakwa rangi ili zionekane kuwa za matofali yaliyopangwa kwa ustadi usio wa kawaida. Aonaye kwa macho ya leo atauliza kwa nini tofali lifichwe kwa picha ya tofali. Jibu ni kwamba picha hainyooki vibaya, haina mwanya mpana, wala haibadiliki rangi kufuatana na tanuri. Tofali la kweli lilitakiwa kubeba. La kuchorwa lilitakiwa kupendeza.

ADUI WA JASI

Adui ni maji. Lita 1 ya maji huyeyusha gramu 2 hivi za jasi, ambacho ni kiasi kidogo jikoni lakini ni zaidi ya mara 100 ya mawe ya chokaa katika maji safi. Jengo la jasi lilidumu Cervera kwa sababu mvua ya bonde hilo ni haba, chini ya milimita 400 kwa mwaka, na kwa sababu mapaa yalitunzwa. Paa likivuja, nakshi hulainika, kisha hutoweka.

Hatari nyingine iko chini ya miguu. Sehemu za mji wa Calatayud zimejengwa juu ya matabaka ya jasi ya kale, na maji yapitayo chini yake huyayeyusha kidogo kidogo na kuacha mapango. Ardhi hudidimia. Mnara wa kanisa la San Pedro de los Francos umeinama waziwazi juu ya barabara. Mwaka 1840 sehemu yake ya juu ilishushwa kwa hofu usije ukaanguka. Kitu kilekile kilichowapa waashi kifaa ndicho kinachozilegeza nyumba zao.

Wale waliokuwa na elimu ya jasi hawakupewa muda mrefu. Mwanzoni mwa mwaka 1526, miaka 100 kamili baada ya kumalizika kwa kanisa la Cervera, Waislamu wa Aragon walilazimishwa kubatizwa. Tangu hapo waliitwa Wamorisko, wakatazamwa kwa shaka ingawa walikuwa Wakristo kwa cheti. Mwaka 1610 amri ya kuwafukuza ilifika Aragon, na watu 60,000 hivi walitolewa katika nchi hiyo, wengi wao wakiishia Afrika ya Kaskazini. Vijiji vizima vilibaki vitupu. Katika Cervera hakuna aliyelifuta jina la Mahoma Rami.

Majengo ya Kimudehari ya Teruel yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1986. Mwaka 2001 orodha hiyo ilipanuliwa, na kanisa la Mtakatifu Tekla likaingia pamoja na la Tobed na majengo ya Zaragoza na Calatayud. Kuingizwa huko kumeleta wageni na kazi za ukarabati, na hapo kemia imerudi tena, safari hii kwa sura ya onyo. Katika karne ya 20 mafundi wa nchi nyingi walizoea kuziba nyufa za majengo ya kale kwa saruji, kwa kuwa ni ngumu na hupatikana kila mahali. Saruji ikigusana na jasi mahali penye unyevu, salfeti ya jasi huungana na alumina ya saruji na kufanya fuwele iitwayo etringaiti, ambayo huchukua nafasi kubwa kuliko vitu vilivyoiunda. Kiraka huvimba, hupasuka, na huvunja pamoja nacho ule ukuta wa kale uliokuwa mzima. Warekebishaji wenye uangalifu huchukua kwanza kipande kidogo cha jasi ya zamani, hukipima kwa hadubini na kwa miale ya eksirei, kisha hutafuta jasi ya mahali palepale na kuipika kwa moto usio sawa, kama lilivyofanya tanuri la Mahoma Rami.